Chupa ya maji ya kudumu: anza na mfuniko

Mtu akiingia soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutafuta chupa ya maji, macho hukimbilia rangi, kisha yale maandishi ya "baridi saa 24, moto saa 12". Mfuniko anaufungua akishafika nyumbani. Nashauri kinyume chake: fungua mfuniko kwanza, palepale mezani kwa muuzaji, kabla hujauliza bei. Mwili wa chupa nzuri unakaa miaka kumi bila shida. Kinachoiua chupa ni mfuniko: hesi (ile mistari ya kuzungushia) zimelika, mpira umepotea, bawaba imekatika, mrija umeota ukungu. Na huku Nyanda za Juu Kusini kupata mfuniko wa kubadilishia ni kazi, kwa hiyo mfuniko ukifa, chupa nayo imekwenda.

Mwambie tu, "Mama, naomba nifungue nione mpira wake." Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai. Ukishafungua, tazama hesi. Ziwe nene, zenye nafasi kati ya moja na nyingine, kwa sababu hesi nyembamba zikiingia vumbi la barabara ya Usangu zinakwaruzana na kulika. Halafu fumba macho, ufunge mfuniko kwa mkono wa kushoto. Ukikaa upande mara mbili kati ya tatu, usinunue. Asubuhi ya Julai kule kwenye baridi ya uwanda wa Kitulo, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hautakaa sawa kamwe.

Sasa mpira. Uwe wa silikoni, umelala kwenye mfereji wake, na uweze kuutoa kwa ukucha au kwa mpini wa kijiko. Ukiuvuta kidogo unanyooka, ukiuachia unarudi umbo lake. Ukiwa umegandishwa kwa gundi, achana na chupa hiyo, maana hutaweza kuosha chini yake. Unuse pia. Mpira unaonuka kama ndala mpya utaitia chai yako harufu hiyohiyo kwa miezi. Na mpira ukija kupotea, usikate tyubu ya baiskeli kuziba pengo. Ile haikutengenezwa kugusana na kinywaji, na maji ya moto yanazidi kuitoa ladha yake.

Kuhusu aina ya mfuniko, mimi nasimama na ule wa kuzungusha, wa kipande kimoja, wenye kitanzi kinene cha kuingiza vidole viwili. Mifuniko ya kubonyeza ina springi ndogo na kipini cha bawaba chembamba kama njiti ya kiberiti. Ikianguka mara moja sakafuni, ndiyo basi. Ya mrija inafaa kwa dereva wa bajaji anayetaka kunywa kwa mkono mmoja, lakini ina tabia moja ambayo wasafiri wa kutoka Dar es Salaam wanaijua bila kujua sababu yake. Chupa imefungwa usawa wa bahari, basi likapanda mlima wa Kitonga hadi Iringa, likaja Mbeya kwenye mita 1,700 hivi. Hewa ya nje sasa imepungua mgandamizo kwa karibu moja ya tano, ile ya ndani ya chupa bado ni ya Dar. Ukiinua mrija, hewa hiyo inasukuma maji yaruke mpaka kifuani. Ukifika Iringa legeza mfuniko kidogo, ufunge tena, basi.

Jaribio la kuvuja linafanyika nyumbani siku ya kwanza, wakati risiti bado ipo. Jaza maji, funga kwa nguvu ya kawaida ya mkono, uilaze juu ya gazeti kavu dakika kumi, kisha uisimamishe kichwa chini dakika kumi nyingine. Alama ya unyevu kwenye gazeti inaonekana hata kama ni tone moja. Rudia kwa maji ya moto, chupa ikiwa imejaa robo tatu, ndani ya beseni. Joto linapanua hewa iliyobaki juu, na mfuniko uliovumilia maji baridi mara nyingi unasalimu amri hapo. Usiitikise chupa yenye chai ya moto, kwani mfuniko ukifunguliwa chai inaruka usoni.

Mdomo wa chupa uamuliwe na mkono wako. Vidole vitatu vikiingia pamoja, sponji itafika chini. Mdomo mwembamba ni mzuri kunywea ukiwa unatembea ila unataka brashi ndefu. Usipokuwa na brashi, tia kiganja cha mchele mbichi na maji nusu glasi yenye sabuni, tikisa dakika moja kwa nguvu, mimina. Mchele unasugua kona ambazo kidole hakifiki na haukwaruzi.

Tukija kwenye mwili wenyewe, kwa mtu anayetaka chupa moja ya kazini, shambani na mlimani, jibu langu ni stenlesi. Lakini stenlesi si moja. Inayofaa ni daraja la 304, ambalo pia huandikwa 18/8, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Daraja la 201 ni rahisi kwa bei kwa sababu sehemu kubwa ya nikeli imebadilishwa na manganizi, na hili ndilo linaloanza kutoa madoa ya kutu kwenye shingo na kwenye mstari wa kuchomelea, hasa ukiweka vinywaji vyenye ndimu au chumvi. Wengi wanakuja na sumaku sokoni. Sumaku inakamata chuma cha hovyo, ndiyo, ila haitenganishi 201 na 304, kwa kuwa zote mbili hazivutwi sana. Tena 304 halisi inaweza kuvutwa kidogo shingoni, pale ilipokunjwa kiwandani. Kwa hiyo soma mhuri wa kitakoni, kisha pitisha kidole ndani ya shingo. Kazi nzuri ni laini, haina makali wala mabaka ya kuungua.

Stenlesi ya ukuta mmoja ni nyepesi, haivunjiki, na ikibonyea inaendelea na kazi. Isipopakwa rangi unaweza hata kuchemshia maji kwenye makaa, mfuniko ukiwa umeondolewa. Ya kuta mbili usiiweke motoni hata siku moja. Kati ya kuta hizo kuna ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, lililozibwa, na joto la moto linaweza kuipasua kwa kishindo.

Ombwe hilo ndilo linalotunza joto, na sehemu yake dhaifu iko kitakoni, ambako kwa chupa nyingi ndiko lilikozibiwa. Ndiyo maana chupa ikianguka kwa kitako juu ya zege inaweza kuonekana nzima kabisa na bado ikawa imekufa. Kuipima ni rahisi: jaza maji yanayochemka, funga, subiri dakika tano, zungusha kiganja mwilini mwake kote. Mwili ubaki baridi. Joto kidogo kwenye shingo ni kawaida kwa sababu hapo kuta mbili zinakutana. Ukikuta ubavu una joto, au una doa moja la joto, ombwe limeingia hewa na hakuna fundi wa kulirudisha.

Yale masaa yaliyoandikwa kwenye boksi yachukue kwa kiasi. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Chai yako imeanza safari ikiwa na upungufu wa nyuzi sita. Tangulia kuipasha chupa: maji ya moto ndani dakika tano, mwaga, ndipo utie chai, na uijaze hadi karibu na mfuniko. Chupa iliyojaa nusu inapoa haraka kuliko iliyojaa. Baada ya saa sita chai iwe bado ya kupuliza. Ikiwa ni ya kunywa kwa mkupuo, hiyo ni chupa ya ukuta mmoja iliyovaa koti.

Plastiki nayo isidharauliwe. Tazama pembetatu ya mishale kitakoni. Namba 1 ni ile ya maji ya dukani: inalegea kuanzia nyuzi 70 hivi, inajikunja, na mikunjo inahifadhi uchafu, si ya kutumia mwaka mzima. Namba 2 ni ngumu, nyeupe ya maziwa, haipasuki ikianguka. Namba 5 inastahimili chai. Namba 7 ni mchanganyiko wa mambo, ndani yake kuna Tritan, plastiki ngumu ambayo ni nzuri, na kuna plastiki ya zamani ya polikaboneti yenye kemikali ya BPA, kwa hiyo isiyojieleza usiichukue. Alumini ni nyepesi mno, lakini inategemea utando uliopakwa ndani. Utando ukichubuka, juisi ya ndimu au ubuyu inakula chuma. Chupa ya chai yenye kioo ndani ibaki sebuleni. Ukiitikisa ukasikia vipande, mwaga kila kitu.

Kwa kupanda Rungwe au Mbeya Peak, beba lita mbili, katika chupa mbili za lita moja. Moja ikivuja, unabaki na nusu. Chupa ya kuta mbili ya lita moja ina uzito wa nusu kilo ikiwa tupu, ya plastiki ngumu haifiki gramu 200. Mchanganyiko ninaoupenda ni moja ya plastiki ya maji na moja ndogo ya kuta mbili, mililita 500, ya chai ya tangawizi.

Ukilala Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, miezi ya Juni hadi Agosti jalidi inapiga nyasi. Jioni tia maji yaliyochemka kwenye ile ya plastiki namba 2 au Tritan, funga barabara, ivishe soksi ya sufu, iingize miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Inakupasha usiku, na asubuhi una maji salama ambayo hayajaganda. Ya kuta mbili haifai kwa hili, kwa sababu joto lake halitoki. Zitakazobaki nje zipunguze maji sehemu moja ya kumi, kwani maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na zisimamishe kichwa chini. Barafu huanzia juu, hivyo hesi zitabaki wazi.

Togwa na ulanzi (pombe ya mianzi) visifungwe kwenye chupa inayobana. Vinaendelea kuchacha, gesi inajikusanya, na mfuniko unaruka kama risasi. Ulanzi una kibuyu chake. Maziwa yanaweza kukaa saa chache, ila osha siku hiyohiyo, pamoja na chini ya mpira. Hapo ndipo mstari mweusi unapoanzia, mwembamba kama uzi, huku ndani ya chupa kukiwa kunang'aa. Toa mpira mara moja kwa wiki, uloweke kwenye siki na maji ya vuguvugu nusu kwa nusu dakika kumi na tano, usugue kwa mswaki wa zamani, uuanike kivulini. Siki hiyohiyo inatoa magamba meupe ya chokaa ndani. Jiki usiiache ndani ya stenlesi, inatoboa vishimo vidogo. Na vidonge vya kutibu maji ambavyo kimoja ni cha ndoo ya lita 20, usikitie kwenye chupa. Tibu ndoo, jaza chupa kutoka humo.

Ikishaoshwa, chupa isimame kichwa chini juu ya kitambaa mpaka ikauke, kisha ikae kabatini bila mfuniko, mfuniko ukiwa pembeni yake.