Waya wa amplifaya ya gari: hesabu shaba, usihesabu plastiki

Kabla hujaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuulizia "waya wa geji 4 bei gani", igeuze amplifaya yako uangalie fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Hizo hazidanganyi. Boksi linaweza kuandikwa wati 3000, lakini kama amplifaya ina fyuzi moja ya ampea 30, zidisha 30 kwa volti 13, kisha kwa 0.8 ambao ndio ufanisi wa kawaida wa amplifaya za daraja D. Unapata wati 312. Zilizobaki ni za kuuzia boksi. Kwa daraja AB zidisha kwa 0.5 au 0.6 tu, maana karibu nusu ya umeme inaishia kuwa joto kwenye mbavu za bati lake.

Tuchukue amplifaya yenye fyuzi mbili za 30, yaani ampea 60, inayosukuma sabufa kwenye buti ya IST. Betri iko mbele. Waya ukipita ukingoni chini ya zulia, na kona zake zote, unakula kama mita 5. Usikisie kwa macho: pitisha kamba kwanza, kisha pima kamba.

Sasa hesabu yenyewe. Shaba ya unene wa milimita mraba (mm²) 1, urefu wa mita 1, ina ukinzani wa oma 0.0172. Zidisha kwa urefu, gawanya kwa unene, zidisha kwa ampea. Jibu ni volti zinazopotelea njiani. Kwa ampea 60 na mita 5, waya wa mm² 10 unapoteza volti 0.52. Wa 16 unapoteza 0.32, wa 25 unapoteza 0.21, na wa 35 ni 0.15. Mimi upande wa chanya sipendi kuvuka 0.3, kwa hiyo hapa ningefunga wa 25. Wa 16 si dhambi kama unasikiliza kwa kiasi, kwa sababu muziki hauvuti ampea 60 mfululizo, unavuta besi inapopiga. Wa 10 uache kwenye amplifaya ya fyuzi moja ya 30.

Kwa nini kuhangaika na nusu volti au volti moja? Amplifaya nyingi za bei ya kati hushuka nguvu kwa mraba wa volti. Zikipungua kutoka 13.8 hadi 12.8, umepoteza asilimia 14 ya wati, na besi ndiyo inayoanza kukauka. Mwenye gari anadhani sabufa imekufa, ananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale chini ya zulia.

Kuhusu geji: namba ikipungua, waya unanenepa. Geji 8 ni mm² 8.4, geji 4 ni kama 21, geji 0 ni kama 53. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Waya wa kwenye pakiti za seti, ule wa bluu au mwekundu unaong'aa, mara nyingi una plastiki nene na nyuzi chache katikati, tena nyuzi zenyewe ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Aina hiyo ina ukinzani wa mara moja na nusu hivi ya shaba halisi. Waya wa 16 wa namna hiyo, kwenye mfano wetu, unapoteza volti 0.5, sawasawa na shaba ya 10.

Kuutambua ni rahisi. Omba kipande, chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni aluminiamu. Ukikosa wembe, weka uzi kwenye moto wa kiberiti cha gesi: aluminiamu inalegea na kukatika, shaba inawaka nyekundu na kubaki imesimama. Tahadhari moja: kuna shaba halisi iliyopakwa bati, nayo ni nyeupe kwa nje lakini ukikwangua ni nyekundu ndani. Hiyo nunua, haiozi haraka.

Waya ninaoupendekeza zaidi ni ule wa mashine ya kuchomelea vyuma. Unauzwa kwa mita, una nyuzi nyembamba nyingi, unajikunja vizuri na umeandikwa mm² ubavuni. Huo nao ukwangue, usiamini maandishi. Mpira wake haupendi oili, kwa hiyo sehemu inayopita karibu na injini ivalishe bomba la plastiki. Waya wa nyumba wa 10 au 16, wenye nyuzi saba ngumu, usiufunge kwenye gari. Mtikisiko wa barabara za mashimo unaukata pale unapoingia kwenye kichwa cha betri.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, nayo inalinda waya, si amplifaya. Waya ukichubuka kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani, betri inamwaga mamia ya ampea, na zile fyuzi za amplifaya kule nyuma hazijui chochote. Weka mpira kwenye tundu hilo. Kwa shaba ya 16 tia fyuzi ya 60 au 80; kwa 25, ya 80 au 100.

Hasi ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Waya wake uwe na unene uleule wa chanya, usizidi nusu mita, ufungwe kwenye bati zito la bodi. Boliti ya mkanda wa kiti iache ilivyo. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza kwa washa ya meno, kisha ndiyo upake grisi au rangi juu. Kwa magari ya Tukuyu, ambako mvua haina likizo, hatua hii ya mwisho usiiruke. Kutu huingia chini ya washa bila kuonekana. Kiungo kibovu chenye oma 0.01 tu, kikipitisha ampea 60, kinatoa joto la wati 36. Hilo ni joto la pasi ya kuchomelea risasi, limekaa kwenye boliti moja karibu na zulia lako.

Wenye Fuso na Coaster za volti 24: usichomoe volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Ile moja inanyonywa kila siku, nyenzake inachajiwa kupita kiasi, na zote zinakufa mapema. Tumia kipunguza volti chenye ampea za kutosha.

Ukimaliza kufunga, pima. Washa injini, cheza mlio mmoja wa hezi 50 kwa sauti ya juu. Weka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya amplifaya. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea. Rudia kwa hasi na hasi, hapo isizidi 0.2. Zote mbili zikiwa nzuri lakini taa zinafifia kila besi ikipiga, pima betri yenyewe. Ikishuka chini ya 13 injini ikiwa inaunguruma taratibu, waya hauna kosa: alteneta imezidiwa, hasa asubuhi ya Julai pale Uyole, ukiwa umewasha taa, feni ya joto na muziki kwa pamoja.