Suruali, kasiksi na wokovu: dhana zilizozoeleka Goma

«Mimi bado, mchungaji. Niache kwanza kasiksi, ndipo nitakuja.» Kasiksi ni pombe ya ndizi. Maneno haya utayasikia Birere, utayasikia Ndosho, mitaa ya Goma, na anayeyasema anaweza kuwa kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au baba mwenye duka lake. Ukisikiliza haraka utadhani ni unyenyekevu. Kumbe ni fundisho zima la dini, tena lile lile Paulo alilolipinga tangu Galatia hadi Roma: mtu ajitakase kwanza, halafu Mungu ampokee.

«Usafi kwanza, wokovu baadaye»

Fungua Waefeso 2 usome mstari wa 8 hadi wa 10 bila kukatiza. Kwanza watu wameokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Matendo mema yanatajwa mstari wa 10, kama njia ambayo waliokwisha kuokolewa wanaienenda. Wengi wetu tumeusoma mstari wa 10 ukiwa mbele ya wa 8.

Hata Musa hakufundisha kinyume. Katika Kutoka 20, kabla ya amri ya kwanza, Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Waisraeli Misri, katika nyumba ya utumwa. Walivuka bahari wakiwa hawajapewa sheria hata moja kati ya zile za Sinai; walifika mlimani mwezi wa tatu baada ya kutoka. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa Agano la Kale waliokolewa kwa sheria na sisi kwa neema naye ateremke kidogo, asome tena.

«Torati ni mambo ya Wayahudi, sisi hayatuhusu»

Hapa ndipo penye kazi. Mhubiri anaweza kuhubiri Wagalatia Jumapili nzima, akawakemea waliodai kwamba wasio Wayahudi lazima watahiriwe, na waumini wakaitikia amina, bila mtu kujiuliza tohara ya Goma ni ipi.

Tukumbuke kilichotokea Antiokia. Petro alikuwa akila pamoja na waamini wasio Wayahudi. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, Petro akaogopa, akajitenga na meza ile. Wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akamkemea mbele ya wote, na maneno kwamba mtu hahesabiwi haki, yaani hakubaliwi na Mungu kuwa mwenye haki, kwa matendo ya sheria yamo humo humo, Wagalatia 2:16. Ni maneno yaliyozaliwa kwenye ugomvi wa meza: nani ale na nani. Mkutano wa Yerusalemu wa Matendo 15, unaokadiriwa kuwa wa mwaka 49 hivi, ulikuwa na swali lililo karibu na hilo, kama wasio Wayahudi lazima watahiriwe, na huko Petro akasimama upande uliofaa. Akauliza kwa nini wawatwike wanafunzi nira ambayo hata baba zao hawakuweza kuibeba.

Sasa angalia meza yetu. Mkate wa Meza ya Bwana unapita, na dada wa korali ameambiwa abaki kwenye benchi kwa sababu wiki iliyopita alionekana sokoni na suruali. Mwenzake amerudishwa mlangoni kwa kukosa kitambaa cha kichwa. Mwingine anashutumiwa kwa meshi, yaani nywele za bandia. Sisemi kanisa lisiwe na utaratibu. Kila nyumba ina desturi zake, na mgeni anaweza kuombwa aziheshimu. Neno linalonisumbua ni lile analoambiwa yule dada. Akiambiwa «hapa kwetu tumezoea hivi», hiyo ni desturi. Akiambiwa «utaenda motoni», amehubiriwa injili nyingine, na Paulo hakuwa na adabu nyingi kwa wahubiri wa namna hiyo. Someni Wagalatia 1:8.

Upande wa pili wako wanaosema: basi, kama ni imani tu, tufanye tunavyotaka. Paulo alishalisikia hilo, akalijibu katika Warumi 6 kwa maneno machache: hasha. Sheria yenyewe anaiita takatifu katika Warumi 7:12. Inaonyesha dhambi, lakini haina uwezo wa kuiondoa.

«Yakobo anampinga Paulo»

Paulo anasema mtu huhesabiwa haki kwa imani, Yakobo anasema kwa matendo pia, na mabishano haya hupendwa sana na vijana. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu, na wote wananukuu Mwanzo 15:6, kwamba alimwamini Mungu akahesabiwa haki. Paulo anauliza: je, wakati huo alikuwa ametahiriwa? Ismaeli alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, na hilo ni baada ya sura ya 15. Alitahiriwa akiwa na miaka 99. Haki ilitangulia tohara kwa miaka 13 au zaidi, kwa hiyo haiwezi kuwa malipo yake. Yakobo anaangalia mbele zaidi, siku Ibrahimu alipomtoa Isaka juu ya madhabahu, Mwanzo 22, ambapo imani ile ya zamani ilionekana kwa macho. Na anaokosana nao Yakobo ni watu wanaomwambia ndugu asiye na nguo wala chakula «nenda kwa amani, ukaote moto», bila kumpa kitu. Paulo naye, katika Wagalatia 5:6, anataka imani itendayo kazi kwa upendo. Sioni ugomvi.

«Wakatoliki wanaokolewa kwa matendo»

Katika nyumba nyingi za hapa baba ni Mkatoliki, mama ni wa CBCA, kanisa la Kibaptisti, na shemeji ni Mpentekoste wa CEPAC, kwa hiyo maneno haya husemwa hata mezani. Si kweli. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547, ule ule uliowajibu Waprotestanti kwa ukali, ulianza kanuni zake juu ya jambo hili kwa kumlaani yeyote asemaye kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe pasipo neema ya Kristo. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, bila stahili yoyote upande wetu. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006, makanisa ya Reformed, yaani ya Kikalvini, mwaka 2017. Tofauti zimebaki, hasa juu ya stahili na jinsi neema inavyokua ndani ya mtu. Lakini wabishane juu ya hizo.

Na msiba? Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, walikuwapo walioona ni hesabu ya dhambi za mji. Lava ilipita katikati ya Goma ikateketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Yesu alipoletewa habari za msiba, alitaja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine.

Dhana ya hatari kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayoigeuza imani yenyewe kuwa sheria mpya. Mama analeta dola za mbegu, yaani sadaka inayotolewa ili kupata baraka, kwenye chumba cha maombi, mtoto hapati nafuu, anaambiwa imani yake haikutosha. Hapo imani imekuwa bei. Baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9 alikiri wazi kwamba anaamini na haamini, na mtoto akapona. Paulo aliomba mara tatu mwiba wa mwilini mwake utoke, haukutoka, akajibiwa kwamba neema yatosha. Timotheo aliyekuwa akiugua mara kwa mara alishauriwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, 1 Timotheo 5:23. Hakutozwa mbegu.