Dozi umemaliza, kipimo bado kina mistari miwili

Juzi mama mmoja aliweka daftari la mwanawe juu ya meza yangu ya maabara. Ni yale madaftari ya shule tunayoandikia wagonjwa, kona zimekunjika, jalada limelowa jasho la mkono. Nikafungua. Ndani ya wiki tano mtoto alikuwa ameandikiwa Coartem, dawa ya malaria, mara tatu, kila mara kwa mwandiko tofauti, na kila mara kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya.

"Musawo," akaniuliza, yaani daktari kwa Kiganda, "mbona malaria ya huyu haiishi?"

Nafanya kazi ya maabara hapa Busia, upande wa Uganda, na swali hilo naletewa kwa Kiswahili, Kisamia na Kiganda. Watu wanatoa pesa ya chakula kununua dozi ambayo pengine hawaihitaji, huku ugonjwa wenyewe unaendelea kula mwili. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nataka nilieleze polepole.

Kile kipimo cha haraka, cha kutoboa kidole na kusubiri mistari, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Vingi tunavyotumia vinatafuta protini inayoitwa HRP2, ambayo vimelea vya falsiparamu, aina moja ya vimelea vya malaria, huitengeneza na kuimwaga kwenye damu. Ukimeza dawa vizuri, vimelea vinakufa ndani ya siku chache. Protini haiondoki navyo. Inazunguka kwenye damu wiki kadhaa, kwa wengine mwezi na zaidi. Moto wa kuni umezimwa jana usiku, lakini asubuhi majivu bado yapo mekoni. Kipimo kinaona majivu, na sisi tunapiga kelele kwamba nyumba inaungua.

Kwa hiyo mistari miwili, yaani chanya, kwa mtu ambaye hajatibiwa malaria karibuni ina uzito mkubwa. Mistari hiyo hiyo kwa mtu aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita haituambii kama malaria ipo au imekwisha. Kipimo hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya kuangalia kama umepona.

Hapo ndipo hadubini inapohitajika. Tunapaka tone la damu kwenye kioo, tunaliacha likauke, tunalitia rangi ya Giemsa, kisha tunatafuta vimelea kwa macho. Kabla sijaandika kwamba sikuona kitu, lazima nipitie angalau sehemu 100 za kioo kile. Kazi hiyo haiharakishwi, kwa hiyo mkiona foleni ya maabara haisogei, tuvumilieni. Hata hadubini inataka jicho lililozoea: baada ya tiba, mtu anaweza kubaki na vimelea vya umbo la ndizi, vilivyopinda vile vile, ambavyo ndivyo mbu huvichukua kuwapelekea wengine. Hivyo havileti homa. Anayesoma kioo akiandika tu "vimeonekana" bila kusema ni vya aina gani, mgonjwa ataandikiwa dozi nyingine bure.

Nilitoboa kidole cha yule mtoto, nikasoma kioo chake. Sehemu 100, nikaongeza nyingine. Safi. Nikamwomba mama alete mkojo. Kijiti kilipotoka kwenye kikopo, rangi zilibadilika mbele ya macho yake: dalili za maambukizi ya njia ya mkojo. Wiki tano za homa, na hakuna aliyekuwa ameuangalia mkojo.

Na hapa niseme neno kuhusu taifodi, kwa sababu huku kwetu malaria na taifodi huandikwa pamoja kama mume na mke. Kipimo cha Widal kikifanywa mara moja tu hakitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Ukiambiwa unayo kwa kipimo hicho peke yake, uliza wameona nini kingine.

Sisemi kwamba malaria haiwezi kurudi. Inaweza. Coartem ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne, vinne vingine baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Vinataka chakula chenye mafuta au maziwa, maana lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye Coartem, bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Wengi hupata nafuu siku ya pili, vilivyobaki wakamwekea jirani. Pia mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kutoka kaskazini mwa Uganda kwamba baadhi ya vimelea sasa vinachelewa kufa vikikutana na dawa za artemisinini, kundi ambalo Coartem imo. Ndiyo sababu homa ikirudi ndani ya siku 28 baada ya dozi, damu inatakiwa isomwe kwa hadubini, na vimelea vikionekana ibadilishwe dawa, si kurudia ile ile.

Kina mama wameniuliza pia kama chanjo ya malaria ya R21, iliyoanza kutolewa Uganda Aprili 2025 kwa watoto wa miezi 6, 7, 8 na 18, inaweza kufanya kipimo kiwe chanya. Hapana. Chanjo hiyo haina HRP2.

Mtoto akidegedeka, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asiamke, au mkojo ukiwa mweusi kama strungi (chai ya rangi), msibishane kuhusu mistari. Panda bodaboda, nenda moja kwa moja kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali, hata kama ni usiku.

Mkija maabara njooni na daftari, na mwambieni anayewaandikia aweke jina la dawa, tarehe ya kidonge cha mwisho na aina ya kipimo kilichotumika. Kwenye daftari la yule mtoto niliandika (B/S ni kile kioo cha damu): "B/S, hakuna vimelea. Mkojo: apelekwe kwa daktari leo." Mama akasoma, akaniuliza, "Kwa hiyo Coartem niache?" Nikamwambia ndiyo, mama, hii ya nne usiinunue.