Saa 10,000 hazimfanyi mtu kuwa fundi

"Shona tu, miaka itakufundisha." Mwanagenzi wa cherehani pale Makoroboi, Mwanza, huambiwa hivyo, na siku hizi huongezewa hesabu: ukifikisha saa 10,000 za kazi, umekuwa fundi. Sivyo. Hesabu hiyo inatokana na utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, kuhusu wapiga fidla wa Berlin. Ilikuwa wastani wa saa za kundi bora la wapigaji hao hadi umri wa miaka 20, si kizingiti. Tena zilihesabiwa saa za mazoezi ya peke yao, si kila saa ya kupiga.

Kwa fundi cherehani pia, saa tupu hazitoshi. Chukua mfano wa ncha za kola. Ukishona mashati ya wateja tu, kosa linajirudia hadi mkono ulizoee. Tenga nusu saa asubuhi, kabla ya uchovu. Kata vipande 10 vya mabaki ya kitambaa, chora pembe mbili za kola kwa chaki. Ukifika kwenye pembe, acha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, geuza, shusha. Wengi huinua sindano kwanza, kitambaa kikahama. Punguza kitambaa kilicho nje ya mshono kwenye pembe kibaki milimita 3 hivi, pindua, kisha pima ncha zote mbili kwa rula. Zikipishana, fumua uone mshono ulipopotoka. Usiguse kipande kingine kabla hujapaona.