Ta hyparchonta: mali, au "ulivyo navyo"?

Katika Mathayo 19:21, kwenye tafsiri ya Union, Yesu anamwambia yule kijana, "enenda ukauze ulivyo navyo." Aya inayofuata inasema kijana aliondoka kwa huzuni kwa kuwa alikuwa na mali nyingi. Kwa Kigiriki hayo ni maneno mawili tofauti. La pili ni ktēmata, linalotokana na kitenzi cha kujipatia: vitu mtu alivyovichuma, kama vile mashamba na viwanja. La kwanza ni ta hyparchonta, nalo ndilo lenye mambo.

Kwa asili hilo si jina. Ni kitenzi hyparchō, "kuwapo", kilichogeuzwa kikafanya kazi ya jina: wakati uliopo, wingi, jinsi isiyo ya kiume wala ya kike, na mbele yake kibainishi ta, kinachofanya kazi kama "the" ya Kiingereza. Ukilifungua, ni "vilivyopo". Mswahili halimsumbui, maana kirejeshi -vyo- kinatufanyia kazi hiyohiyo kila siku bila kutaja vitu vyenyewe.

Vilivyopo kwa nani? Hapo linafuata neno la mwenye mali. Mara nyingi liko katika uhusika (umbo linaloonyesha kazi ya neno katika sentensi) wa umilikaji, "vya fulani". Lakini Luka 8:3, kwenye habari za Yoana, Susana na wenzao waliomhudumia Yesu, linatumia uhusika mwingine: "vilivyopo kwao". Matendo 4:32 vilevile, na Union hapo imeandika "alicho nacho". Naona imepatia kuliko "mali", kwa sababu hata sisi hatuna kitenzi cha kila siku cha kumiliki. Anayesema "nina shamba" anasema tu yuko na shamba.

Umbo hili lenye maana ya mali linapatikana mara 14 katika Agano Jipya, na 8 kati ya hizo ni za Injili ya Luka. Luka 16 inafaa kusomwa taratibu. Aya ya 1, wakili, yaani msimamizi wa mali, anashtakiwa kwa kutapanya ta hyparchonta za tajiri. Aya ya 14, kitenzi kilekile kinasema Mafarisayo "ni" wapenda fedha. Aya ya 23, tajiri wa kisa cha Lazaro "yumo" katika mateso. Kwa hiyo ukikuta hyparchō bila kile kibainishi cha wingi, usikimbilie mali.

Wapo wanaolivunja neno hili vipande na kuhubiri kwamba ndani yake mna fundisho kuwa hakuna kitu kilicho chako. Sarufi haisemi hivyo. Kwa Mgiriki wa kawaida yalikuwa mali tu, kama sisi tunavyosema "vitu vyangu".

Kuna pahali pamoja ambapo "mali" inashinda. Waebrania 10:34 inazungumzia walionyang'anywa hyparchonta wakijua wana hyparxis iliyo njema zaidi, jina la kitenzi hichohicho. Union imeandika mali mara zote mbili, na mwangwi wa Kigiriki haukupotea.