Kabla hujalipia kiwanja cha uzeeni, kalale huko mwezi Juni

Tangu nistaafu simu yangu imegeuka kituo cha hali ya hewa. Kila wiki lazima kuna mtu atapiga, shikamoo mama, nina miaka 57, nimebakiza mitatu nitoke kazini, Dar nimechoka na jasho, eti niende mji gani mdogo, kabaridi kawe ka wastani, mvua isinisumbue. Na mimi kazi ya hali ya hewa nimeifanya miaka 31, nusu yake kwenye kile kibanda cheupe cha vipimajoto na nusu ofisini najumlisha namba za vibanda vya wenzangu, kwa hiyo watu wanaamini jibu ninalo mfukoni. Ninalo kweli, ila sio jina la mji. Jibu langu ni mwezi. Mji unaoutaka, tafuta kwanza mwezi wake mbaya kuliko yote ni upi, alafu nenda kalale huko usiku tatu mwezi huohuo, gesti ya kawaida, sio hoteli yenye hita.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilishaumwa na nyoka, ndo maana nikiona ung'ongo nashtuka. Mwaka 2009 mimi na mzee wangu tulinunua kiwanja Mufindi, karibu na mashamba ya chai. Tulikwenda Oktoba. Jamani Oktoba kule, anga jeupe, jua la kuotea mgongo, chai imekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto wa shule Jumatatu asubuhi. Tukalipa bila kubishana bei. Juni iliyofuata tukarudi kuweka msingi tukakuta ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, manyunyu yale ambayo hujui ni mvua au ni umande, saa tano asubuhi magari bado yanatembea na taa. Shati la mzee nililifua Jumanne, Ijumaa kola bado mbichi. Viatu vyake vya ngozi chini ya kitanda vikaota ukungu wa kijani. Na hapo mtaalamu ni mimi! Takwimu nilikuwa nazo kabatini ofisini, wastani wa mwaka mzima, digrii nzuri kabisa, nikaziamini. Kiwanja tukamuuzia mtu wa mbao, hasara haikuwa kubwa sana, ila utani wa mzee ndo haujaisha mpaka leo.

Wastani wa mwaka unachukua mchana wa Novemba na alfajiri ya Julai unavitia sufuria moja unakoroga. Kijana wa miaka 30 hilo halimsumbui. Mtu wa miaka 65 anaishi alfajiri, maana saa kumi ameshaamka kwenda msalani na saa kumi na moja usingizi ndo umekata moja kwa moja. Kwa hiyo namba ya kwanza mi naangalia ni joto la chini kabisa la usiku kwa mwezi wa baridi, ya pili ni joto la usiku kwa mwezi wa joto, basi. Dar Februari usiku unagoma kushuka chini ya digrii 25 hivi, mwili haupumziki. Iringa mjini, ninakoishi sasa, Julai unashuka kwenye 12 hivi, ukiwa na blanketi mbili na sweta unaishi vizuri tu. Njombe ni juu zaidi, inakaribia mita 2,000, usiku wa Julai unakwenda chini ya 10, na kule Kitulo mpaka jalidi, umande ulioganda, inaanguka. Kuna wanaoyapenda hayo, mi mifupa yangu haipo kwenye hiyo timu.

Watu wananiuliza joto la mji nalijuaje bila takwimu. Angalia urefu wake kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 100 toa nusu digrii na kidogo. Dar wastani wake ni 26 hivi, Iringa mjini ipo kwenye mita 1,500 na ushee, toa 8 unapata 18, ukweli wake ni karibu 20 kwa sababu uwanda mpana unapashwa na jua kama kikaango, haupoi kama kilele cha mlima kilichosimama peke yake. Hesabu ya kidole lakini inakutosha kukataa mji kabla hujakata tiketi. Kwa nchi yetu, mtu anayetaka kabaridi ka wastani nampeleka kati ya mita 1,200 na 1,700. Na faida nyingine ya hapo ni malaria, sio kwamba mbu hakuna, wapo, ila joto likishuka chini ya digrii 18 hivi kile kimelea ndani ya mbu kinakwama kukomaa, mbu anakufa kabla hajawa na kitu cha kukupa.

Sasa ukavu, hapa ndo pana utamu wenyewe.

Mvua ya nchi hii haifuati ramani ya mikoa, inafuata milima. Upepo wa kusini mashariki unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga Udzungwa, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga maji yote upande ule wa Kilombero. Unapofika Iringa umeshatua mzigo. Sisi tunaita kivuli cha mvua. Ndo maana Iringa mjini inapata kama milimita 600 na kitu kwa mwaka, wakati Mufindi ukingoni kule kwenye chai, mkoa uleule, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, inapata zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukiteremka Pawaga ni joto la kulima mpunga. Ukienda Isimani ni ukame. Mtu akikwambia "Iringa ni baridi" muulize Iringa ipi. Na huo msimu wa mvua wenyewe ni mmoja tu, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba unaishia Aprili, hatuna vuli na masika kama Moshi au Tanga, kwa hiyo kuanzia Mei unaanika nguo bila kuangalia juu. Linganisha na Bukoba, karibu milimita 2,000, au Tukuyu ambayo inapita hapo, pazuri sana, ndizi tele, ila mwenye pumu inayochokozwa na fangasi wa ukutani mi simshauri.

Kuhusu magonjwa nikae kwenye mstari wangu kwa sababu mi sio daktari. Wazee wengi wanaamini hewa kavu inatibu baridi yabisi. Jamani, yabisi maana yake ni kavu, sasa ugonjwa jina lake lina ukavu ndani unautibu kwa ukavu vipi? Ninachokijua ni hiki, nyumba kavu haioti fangasi na kitanda hakinuki, na hapohapo kiangazi kinaleta vumbi ambalo nalo linachokoza kifua, midomo inapasuka, pua inatoka damu kidogo Septemba. Baridi ya asubuhi inabana mishipa, kwa hiyo mwenye presha asikurupuke kitandani kwenda kuoga maji ya bomba. Na tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha Julai eti unaota moto, ile hewa yake haina harufu, inaua watu wakiwa wamelala, kila msimu wa baridi tunazisikia habari hizi.

Ukitaka kuupima ukavu mwenyewe hauhitaji kibanda cheupe. Nunua vipimajoto viwili vya bei rahisi vile vya ukutani vya kioo, viwili vinavyosoma sawa, jaribu dukani kwanza. Kimoja kifunge kitambaa cha pamba nchani, kilowe maji. Vitundike kivulini barazani, upepee kwa kipepeo cha mkaa dakika tatu mpaka kile chenye kitambaa kiache kushuka, alafu soma vyote. Maji yakikauka yanachukua joto, kwa hiyo hewa ikiwa kavu kile kilicholowa kinashuka sana. Dar mwezi wa tatu unaweza kukuta 31 na 27, tofauti nne tu, ndo maana jasho haliondoki. Iringa Septemba mchana mi nimewahi kusoma 27 na 17. Tofauti ikiwa kati ya 5 na 8 hapo ndo raha, chini ya 3 jiandae na ukungu kwenye viatu. Soma saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, hizo ndo saa tulizokuwa tunasoma sisi, na ukisoma moja tu umejidanganya.

Ila ukavu unaoufurahia ndo huohuo unaokausha bomba, na hili watu hawapendi kulisikia wakishaona kiwanja kizuri. Dodoma jua lina uwezo wa kuvukiza maji zaidi ya mara tatu ya mvua inayonyesha kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya tofali, uliza majirani, sio dalali, majirani, Oktoba na Novemba maji yanatoka mara ngapi kwa wiki. Alafu piga hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati lako mita 100 za mraba, mvua milimita 600, hizo ni lita 60,000, toa zinazomwagika kwenye gata na zile za kwanza zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege, unabaki na kama 50,000. Wazee wawili wakitumia lita 160 kwa siku, siku 200 za kiangazi zinataka lita 32,000. Maana yake maji ya mwaka yapo juu ya kichwa chako, tatizo ni pa kuyaweka tu, na tenki ndo gharama ambayo karibu kila mstaafu niliyeongea naye hakuiweka kwenye bajeti, mkupuo wote wa kiinua mgongo umeishia kwenye lenta na madirisha ya aluminiamu.

Wengine wanasema basi nichimbe kisima. Sawa, ila Singida, ambako kwa hali ya hewa peke yake mi napapenda sana, mita 1,500 hivi, kukavu, kuku wazuri, mafuta ya alizeti unanunua kwa aliyeyakamua, maji mengi ya ardhini yana floraidi nyingi. Pia Manyara na Arusha sehemu nyingi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima vinapita hapo mbali tu. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua floraidi inabaki. Wewe meno yako yameshakomaa ila wajukuu wanaokuja likizo na labda kubaki, meno yao yanaota yana kahawia, na mifupa ya mtu yeyote anayeyanywa miaka mingi inapata shida. Peleka chupa maabara ya maji kabla ya kulipa kiwanja. Na upepo wa Singida kuanzia Julai sio wa mchezo, piga misumari ya kutosha.

Hospitali sitaongea sana, kila mtu anajua. Mimi Iringa nilihesabu hivi, ya rufaa ya mkoa ipo mjini, Tosamaganga ipo jirani, na kikizidi kitu kuna lami mpaka Dodoma kupitia Mtera, kama kilomita 260, kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa, badala ya kulazwa ndani ya gari kilomita 500 za Dar na mlima wa Kitonga katikati.

Mkishachagua mji bado kuna kuchagua kiwanja, na hapa wataalamu wenzangu wa ujenzi wataniwia radhi. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu inateremka kilimani taratibu kama maji na kulala bondeni, ndo maana migomba ya bondeni inaungua kwa baridi wakati ya mtelemkoni haina habari. Kiwanja cha bondeni bei ni rahisi, tambarare, karibu na mto, na alfajiri kinaweza kuwa chini ya cha juu yake kwa digrii tatu au nne. Kaa katikati ya mtelemko, sio kileleni kwenye upepo.

Alafu jua. Sisi wa kusini ya ikweta Juni jua linapita upande wa kaskazini, Iringa saa sita mchana limeinama kama digrii 30 kutoka utosini. Baraza ukilielekeza kaskazini linapata jua miezi ileile unayolihitaji, na Desemba jua likihamia kusini baraza linabaki kivulini lenyewe. Hutoi hata senti, ni kuligeuza tu karatasi la ramani kabla fundi hajachimba. Ajabu watu wanaelekeza baraza barabarani ili waonekane.

Sisi tulilala Iringa Julai mbili mfululizo kabla ya kununua, mwaka 2012 na 2013. Baraza linatazama kaskazini, mzee anakaa pale saa tatu asubuhi na redio na soksi zake. Tenki ndo tulikosea, tuliweka la lita 5,000 moja, Novemba ya kwanza tukawa tunanunua madumu ya maji kwa vijana wa boda, mimi niliyewapigia watu hesabu za paa maisha yangu yote. Mwaka huu tumefikisha tenki la tatu, haya mawili ya nyongeza yote ya lita 10,000. Hilo la tatu mzee kalisimamisha mbele ya dirisha langu la jikoni, simuoni tena jirani akipita, na hilo nalo bado tunaliongelea.