Nahau ya kubuni kwenye nyimbo za Kiingereza ni nini hasa?

Kuna misemo kwenye nyimbo za Kiingereza ambayo hata Mwingereza mwenyewe ukimuuliza anakuna kichwa, na sio kwamba lugha yake haijui, msemo wenyewe haukuwepo kabla ya huo wimbo. Hiyo ndo nahau ya kubuni. Nahau ya kawaida kila mtu anayo mdomoni na kwenye kamusi ipo, kama sisi tukisema mzee kala chumvi nyingi, hakuna anayewaza jikoni. Ya kubuni mtunzi kaitoa kichwani kwake, kwahiyo maana utaikuta kwenye mistari ya jirani, kamusi utafungua mpaka uchoke.

Chukua A Hard Day's Night ya Beatles, ile bendi ya Waingereza, 1964. Neno kwa neno unapata usiku wa siku ngumu, sasa usiku unakuwaje wa siku? Ringo Starr, mpiga dramu wao, alisimulia kwamba walipiga kazi mchana kutwa wakaunganisha na usiku, akatoka nje akidhani bado mchana, akaanza kusema leo imekuwa siku ngumu, kutupa macho kumbe giza, akabandika neno usiku palepale. Wenzake wakaudaka, ukawa jina la wimbo na la filamu. Halafu mstari wa pili tu jamaa anasema kapiga kazi kama mbwa, na hiyo ya mbwa sasa ndo nahau ya kawaida kabisa, wanaitumia kila siku, sisi tungesema kama punda. Yaani ya zamani inaifafanulia ile mpya. Mwaka huohuo wakaimba mapenzi ya siku nane kwa wiki, hapo wala hapahitaji darasa.

Mchezo wa maneno ni kitu kingine, huo unaishi kwenye sauti. Rain ni mvua, reign ni kutawala, mdomoni hazina tofauti, rapa anatamka moja anataka usikie zote mbili. Ndo maana ukitegemea mashairi yaliyoandikwa tu unapunjwa, maana aliyeandika lazima achague herufi za moja nyingine inakufa. Mtu aliyekulia Dar kwenye taarab hili halimpi shida, anajua paka akitajwa mle sio paka.

Wale madogo wanaojifunzia Kiingereza kwenye nyimbo, sawa kabisa, ila kabla hujaupeleka msemo kwenye intavyuu ya kazi Posta uandike mtandaoni ndani ya alama za nukuu uone. Majibu yote yakirudi kwenye wimbo uleule basi ni wa kubuni, uache hukohuko. Japo mengine huwa yanatoroka, bootylicious kundi la akina dada wa Marekani, Destiny's Child, waliipaisha 2001, neno la kuunganisha makalio na utamu, leo limo kwenye kamusi ya Oxford bila aibu. Kwenye intavyuu bado usilitumie lakini.